Sururu za Maboksi

Tangu aanze useremala, Fundi hakuwahi kukosea. Meza yake ikiyumba, basi sakafu ya mteja ndiyo haikunyooka. Droo ikigoma kufunguka, lawama ni za mvua. Mkewe alishachoka kubishana naye. Binti yao, ambaye baba mtu mwenyewe alimbandika jina la Kijiti kwa wembamba wake, alijifunza mapema kunyamaza na kuisukuma droo kwa goti.

Pamoja na hayo alimwona baba yake bingwa wa mikono. Mwalimu alipotafuta mzazi wa kusaidia darasa, Kijiti alinyoosha mkono kabla ya wenzake wote. Watoto kumi na mmoja walikuwa wanatengeneza kwa maboksi zana za mchezo wao wa kompyuta: sururu, mashoka, mapanga na makoleo, ili wazazi waje kuziona. Kijiti alimwuliza baba yake kama anaujua mchezo huo, maana zana zake zina namna yake. Fundi akajibu kwamba sururu ni sururu tu, na yeye ameshika sururu tangu hajamjua mama yake Kijiti.

Siku ya maonyesho alifika asubuhi na kisu chake kikali, rula ya chuma na msasa. Watoto walikuwa wameshakata vipande vyao kwa mikasi. Kazi aliyopewa ni kubandika tabaka tatu tatu kwa gundi na kuzikandamiza kwa matofali mpaka zishike. Aliifanya vizuri, hilo hatumnyimi. Kijiti alizunguka naye meza hadi meza, akiwaambia wenzake kwamba huyu ni baba yake, hata wale waliomjua.

Saa sita watoto wakatoka kwenda kula na mwalimu akaenda ofisini. Fundi akabaki peke yake na zana kumi na moja, na macho yake yakaanza kumsumbua. Kila ukingo ulikuwa na vidaraja, ngazi juu ya ngazi, hakuna mahali palipopinda kwa ulaini. Maskini, mikasi butu hiyo, akawaza. Halafu akawaza wazazi watakaokuja na kuuliza fundi alikuwa wapi kazi ikiharibika namna hii, na wazo hilo ndilo lililomshikisha kisu. Vipembe vikadondoka sakafuni kimoja kimoja. Akamalizia na msasa. Baada ya dakika arobaini sururu zilikuwa zimepinda kama sururu za watu wazima, mapanga yamechongoka, naye amejaa kifua kwa furaha.

Watoto waliporudi, kila mmoja aliiendea zana yake. Mvulana mmoja alichukua shoka lake, akaligeuza, akaligeuza tena, kisha akachungulia chini ya meza kama vile la kwake bado liko huko. Mdogo kuliko wote akaanza kulia bila sauti. Msichana mmoja ndiye aliyemweleza mwalimu kwamba kwenye mchezo wao kila kitu ni miraba, hata jua lenyewe ni mraba, na kwamba walizihesabu ngazi zile moja moja kwa wiki mbili.

Mwalimu akauliza, kwa sauti ya chini, imekuwaje. Fundi alifungua mdomo. Maneno yaliyokuwa yamejipanga humo yalikuwa ya gundi, kwamba haikushika kingo vizuri.

"Mimi nilimwambia baba azilainishe," Kijiti akasema. "Nilidhani zitapendeza."

Mwalimu akamtazama Fundi. Na Fundi, mtu mzima mwenye ndevu, akaitikia kwa kichwa.

Kijiti hakugombezwa sana. Aliambiwa tu akae pembeni, awaachie wenzake waone cha kufanya. Hakuna aliyemsogelea. Akapiga magoti penye takataka, akaanza kuokota vile vipembe na kuvijaribisha kwenye sururu yake kimoja baada ya kingine, na hakuna kilichokaa.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Lililomchoma zaidi ni kwamba, alipoitikia kwa kichwa, kwa dakika nzima moyo wake ulikuwa umetulia kabisa. Aliona ameponyoka. Sasa alimwona mtoto wake pale chini, visigino vyake vyembamba vimejaa vumbi la boksi, na ile raha ikamtoka.

"Mwalimu," akasema. "Mtoto hakuniambia kitu. Nimezikata kwa akili yangu mwenyewe. Huo mchezo wala siujui."

Mwenye shoka akamwuliza kwa nini basi alimwacha Kijiti asemwe. Fundi akajibu kwamba aliona aibu. Mvulana akalipima jibu hilo, akaona halitoshi, lakini akamletea boksi jipya. Wakamkalisha kwenye kiti cha kitoto, magoti yakigusa kidevu, wakamfundisha kuhesabu miraba. Alihesabu vibaya mara mbili, akasahihishwa na yule mdogo aliyelia. Wazazi walipofika saa tisa, zana saba zilikuwa tayari na nne hazikuwahi. Sururu ya Kijiti ilikuwa miongoni mwa hizo nne, kwa kuwa mwenyewe alitaka za wenzake zitangulie.

Watu walipoondoka, baba na binti wakabaki kusafisha darasa. Fundi alingoja mpaka mwalimu ametoka.

"Mwanangu, kwa nini ulijitwika kosa langu?"

Kijiti hakuacha kufagia. "Nilijua hutasema."

"Lakini nilisema."

"Ndiyo, baba," akamjibu kwa upole, vile mtu anavyomsifu mdogo wake aliyejifunga kamba za viatu mwenyewe. "Nilishangaa."

Fundi akaomba ufagio, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.