Pazia la Upande wa Mama

Tangu mama azikwe, baba hakutaka kuona kitu chake chochote sebuleni. Zulia likaenda kwa shangazi, mapazia na mito ya viti vikafuata. Vikabaki vigae sakafuni, madirisha matupu na kuta nyeupe. Ukiweka kikombe mezani, chumba kizima kinakuitikia.

Aliyeumia ni kitinda mimba wake, binti mwenye sauti ya chini tangu utotoni. Masikio ya baba yalikuwa yamechoka, na katika mwangwi ule maneno ya binti yalimfikia yamevurugika. "Eh? Sema tena." Binti akirudia anaona haya, anaishia kusema, "Basi, Baba, si kitu."

Siku hizi baba hakuuliza tena. Aligeuza kiti, akaelekea ukuta ambako mama alizoea kukaa, akazungumza nao. Anasema, ananyamaza, anatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Binti alimtazama hivyo na kuona mzazi wa pili naye anamponyoka.

Asubuhi moja baba alipokwenda kunyoa, binti akamwita fundi mapazia, mwanamke mcheshi asiyefunga mdomo. Fundi alipiga kofi katikati ya sebule, kofi likarudi.

"Mh! Hii sebule au kisima? Mtu akikoroma humu si anajiamsha mwenyewe?" Akagonga ukuta kwa kidole. "Sauti ikikuta kitu kigumu inadunda kama mpira, mwanangu. Ikikuta kitambaa kizito chenye mikunjo, inazama humo humo. Karudishe zulia. Kuta niachie mimi."

Zulia likarudishwa, wakatundika mapazia mazito, hata kwenye ukuta wa mama usio na dirisha. Fundi akapiga kofi tena. Likafa pale pale.

Baba aliporudi alisimama mlangoni.

"Karibu, Baba. Umependeza," binti akasema, kwa sauti yake ile ile.

"Ahsante, mwanangu."

Nusura binti alie. Amemsikia mara moja tu!

Lakini mzee alikwisha kuugeukia ukuta. "Mama watoto?" Kimya. Akakohoa. Kimya. "Wewe nakusikia," akamwambia binti. "Yeye mmempeleka wapi?"

"Baba, ule ulikuwa mwangwi. Sauti yako mwenyewe."

"Mimi nikikohoa, ananiambia pole. Mwangwi nao unajua kusema pole?"

Ili amtoe mzee wasiwasi, au ajitoe yeye, binti akapanda juu ya kigoda na kulikunja pazia la ukuta ule. "Haya, Baba, kohoa."

Baba akakohoa. Ukuta ukamrudishia kikohozi chake, kikavu vile vile, basi. Mabega yake yakashuka. Binti akatamani asingeshinda.

Alipokuwa akishuka, vumbi la kitambaa likamwingia kooni. Akabanwa, akakohoa hadi machozi.

"Pole, mwanangu."

Sauti ilitoka ukutani. Binti alikuwa anamtazama baba usoni. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

"Umemsikia?" mzee akanong'ona.

Binti alilifunga pazia lile juu kwa kamba, akakaza fundo, akakaza tena, lisije likashuka lenyewe. Kisha akavuta kigoda hadi ubavuni mwa baba, karibu kabisa na sikio lake, akaanza kumweleza yale yote aliyowahi kuyaita "si kitu".