Maji ya Udhu wa Mke Mkubwa

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Nyaboke, na pale Karungu hakuna jirani asiyejua zamu za nyumba ile. Mirumbe ana wake wawili na ni mtu wa dini: siku mbili huku, siku mbili kule. Hata akirudi amelowa mafuta ya injini za mashua anazotengeneza, atapitia mlango wenye haki yake siku hiyo. Lakini zamu zilikuwa zimekufa tangu mwezi wa tatu, na sasa ulikuwa wa tano. Nyaboke alisimama jikoni akamtazama mumewe akiimimina chai, chai aliyoipika yeye Nyaboke, kwenye thamosi ili aipeleke nyumba ya pili, ng'ambo ya ua.

"Ameamka?" akamuuliza.

"Ameamka, lakini hajainuka."

"Hata mimi leo sijisikii kuinuka."

Mirumbe akacheka, akidhani ni mzaha, akaenda zake na thamosi.

Hapo wivu ukampanda Nyaboke. Wala haukuwa ule wivu wa vitenge na nyama ambao watu huuzungumza kisimani. Filister alipoolewa, binti wa Kijaluo kutoka Mbita mwenye kicheko cha kusikika mpaka ufuoni, Nyaboke alijikaza akapika pilau ya harusi kwa mikono yake. Wivu huo aliumeza ukaisha. Huu wa sasa ulikuwa wa ajabu, na aliona haya hata kuutaja: alikuwa anauonea wivu ugonjwa.

Filister alijifungua mimba ikiwa ya miezi saba, na mtoto hakulia hata mara moja. Tangu siku hiyo amelala anatazama ukuta. Hali chakula, hachani nywele, na akiswali anapotea katikati ya Fatiha anaanza upya, anapotea tena. Nyumba nzima ikawa inanyata kwa ajili yake.

Na Nyaboke je? Miaka tisa nyuma alimzika mtoto wake Saumu, wa miaka miwili, kwa malaria. Naye aliutazama ukuta. Siku ya nne mama mkwe, Nyakerario, alifungua dirisha akamwambia ng'ombe wa watu wameingia kwenye mtama. Ustadh Wangwe wa madrasa akamtumia salamu kwamba azidishe istighfari, kwamba moyo wenye imani hauzami. Akainuka, akashika jembe. Thamosi hakuletewa na mtu.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Nyakerario akawakusanya uani. Ustadh Wangwe naye alikuwepo, ameitwa aje asome.

"Huyu Filister amepigwa jicho," Nyakerario akasema. "Na dawa ya jicho mmefundishwa wenyewe. Anayeshukiwa anatawadha, maji yanakingwa, anamwagiwa mgonjwa." Halafu akamgeukia Nyaboke. "Sasa lete."

"Nilete maji ya nini, mama?"

"Ya wivu. Kwani huna?"

"Na nikikataa?"

"Ukikataa tutajua. Utafunga nguo zako urudi kwenu Kehancha na hiyo roho yako."

Nyaboke akamtazama mumewe. Mirumbe alikuwa anachokonoa mafuta kwenye kucha. Basi ndiyo hivyo: akitoa maji amekiri, akikataa amekiri zaidi, na ndoa ya miaka kumi na minne inaishia kwenye beseni.

Ustadh akakohoa. "Mama, jicho lipo, sikatai. Lakini si kila anayelala amepigwa jicho. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na alikuwa nabii. Wanawe walimkemea, Mungu hakumkemea. Mtume wetu alifiwa na mke na ami mwaka mmoja, mwaka wenyewe ukaitwa wa huzuni. Huzuni ikikaa sana inaingia mwilini, inakuwa ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Tusome dua, na pia apelekwe kliniki Homa Bay. Aliyeshusha maradhi ameshusha na dawa."

"Ustadh," Nyaboke akasema, "huyo Yaqub alikuwa wapi wakati wa Saumu?"

Ustadh akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Alikuwa kitabuni," akasema polepole. "Mimi ndiye sikuwa nimemsoma vizuri. Nisamehe."

"Maneno mengi," Nyakerario akasema. "Maji."

Nyaboke akaingia jikoni, akatoka na birika na beseni. Akachuchumaa katikati ya ua, mbele yao wote, akatawadha bila haraka, mikono, kinywa, uso, mpaka miguu, maji yote yakiingia kwenye beseni. Kisha akasimama.

"Sijamfanyia mtu jicho. Lakini umeniuliza kama nina wivu, na mimi nimetoka kutawadha, siwezi kusema uongo. Ninao. Mume alale kwake hata mwaka, sijali. Ninaionea wivu ile thamosi."

Akalibeba beseni mwenyewe, akaingia kwa Filister, akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga.

"Mikayi," Filister akasema. Ndivyo Wajaluo wanavyomwita mke wa kwanza. "Umekuja kunimwagia?"

"Umesikia?"

"Dirisha liko wazi."

"Na unaamini ni mimi?"

Filister akageuza uso kutoka ukutani. "Natamani ingekuwa wewe. Ningejua nani wa kumkasirikia."

Nyaboke akakaa kitandani. Akachovya pembe ya leso akampangusa uso, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto aliyelala.

"Wewe uliinukaje, mikayi?"

Jibu la kuwaambia watu alikuwa nalo tayari, la subira na kumtegemea Mungu. Halikutoka.

"Sikuinuka," akasema. "Nilitembea tu."

Jumatatu Mirumbe alijiandaa kumpeleka Filister kliniki. Nyaboke akamzuia mlangoni. "Leo zamu ya nani?"

"Yako."

"Basi naitumia nitakavyo. Nitampeleka mimi. Wewe tupikie chai ya njiani."

Kule Homa Bay daktari, mama wa makamo, alimuuliza Filister maswali mengi. Unalala? Chakula kina ladha? Unajilaumu? Unatamani usingezaliwa? Filister akajibu moja moja, na kwa kila swali Nyaboke alijikuta anaitikia kwa kichwa, pembeni pale kwenye benchi, bila kuulizwa na mtu.

"Na wewe umemsindikiza?" daktari akamuuliza.

"Nimemsindikiza," akasema. "Lakini ukimaliza na yeye, hayo maswali uniulize na mimi."

Daktari akavuta kiti karibu. Filister, ambaye kwa miezi miwili hakuwa amejimiminia hata maji, akafungua thamosi ya chai aliyopika Mirumbe, akajaza kifuniko, akampa mikayi kwanza.

Nyaboke akaonja.

"Hajatia sukari," akasema, na akainywa yote.