Sekunde ya Sitini na Moja

Kila asubuhi mpimaji alivua viatu mlangoni mwa maabara, akavaa kandambili za mpira, akawasha feni, kisha akafuta vumbi kwenye ruta iliyoletwa kupimwa, kisanduku cha kupitishia simu na data. Kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Unachomeka kebo mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Mashine ya kupimia inaisukumia ruta vifurushi, yaani vipande vidogo vidogo vya data, kwa kasi yote, na upande wa pili inahesabu vilivyofika. Kisipopotea hata kimoja kwa sekunde sitini, ruta imefaulu, inagongwa muhuri na kwenda kubeba simu za watu.

Hizo sekunde sitini alizitunga mwenyewe. Kamati ya viwango ilipomwagiza aandike njia moja ya kupima, ya kufuatwa na kila maabara, rasimu yake ya kwanza ilisema dakika kumi. Lakini kila ruta ilipaswa kupimwa kwa vifurushi vya ukubwa wa aina saba, kila aina mara ishirini, na ruta zilikuwa zimepangwa mpaka chini ya dirisha. Akapiga hesabu, akaona atazeekea pale pale. Akafuta kumi, akaandika moja. Hakuna aliyeuliza, na yeye hakujisumbua kueleza.

Jumanne hiyo ililetwa ruta kutoka kituo cha simu za dharura, ilikokuwa ikifanya kazi tangu mwanzo wa mwaka, ipimwe upya. Ikafaulu vizuri, kama mwanafunzi aliyeuona mtihani jana yake. Mpimaji akaenda kuchemsha chai akasahau kuzima mashine, kosa ambalo kwa watu wa kazi hiyo ni sawa na mpishi kusahau sufuria jikoni. Aliporudi na kikombe, sakafu chini ya meza ilikuwa imejaa punje.

Zilikuwa za kijivu, ndogo kuliko mchele, na zilitoka kwenye matundu ya ruta bila kelele. Akatazama saa ya mashine. Ruta ilianza kudondosha kwenye sekunde ya sitini na moja, na ilipoanza haikutoa vifurushi vya siku hiyo tu, ilitoa kila ilichowahi kumeza. Akachukua ufagio. Punje moja ilimganda kwenye kidole, na kwa kuwa ilikuwa inavuma akaiweka sikioni.

"...mlango wa bluu, mkabala na duka la vioo..."

Aliijua sauti ile. Ilikuwa ya wifi yake.

Kaka wa mpimaji alifariki mwezi wa nne, kifua kilimbana mchana kweupe akiwa sebuleni. Mkewe alisema alipiga namba ya dharura, akaongea mpaka simu ikapata moto sikioni. Kituo kikaleta karatasi yenye muhuri: simu ilifika, ilidumu dakika moja, ikawa kimya, mpigaji hakutaja shida yoyote. Mama wa marehemu akasema mbele ya waombolezaji wote kwamba mwanamke yule alikaa tu akimtazama mwanawe anakufa. Akamtoa nyumbani, akabaki na wajukuu wawili, akaapa hamrudishii mpaka aletewe karatasi nyingine yenye muhuri. Na mpimaji, alipoulizwa na mama yake yeye anaonaje, alijibu kwamba mashine haidanganyi. Neno hilo lilimtoka mdomoni mwenyewe, hakulishwa na mtu.

Akaweka ufagio chini. Kwa siku mbili na nusu alitambaa chini ya meza akiokota punje moja moja, anasikiliza, anatenga. Kulikuwa na mzee aliyeng'atwa na mbwa, kulikuwa na mtu wa moto jikoni, na kulikuwa na wengi waliosema tu haloo, haloo. Za wifi zilijaa kopo la kahawa. Alipozipanga, zilikuwa dakika kumi na moja. "Midomo inabadilika rangi." "Msinikatie, bado niko hewani." Katikati yake kulikuwa na punje moja ya kaka yake, akiuliza kama wanakuja, na nyingine ya wifi akimjibu kwamba wako njiani. Mpimaji alilia pale pale chini ya meza, kisha akapenga kamasi, akaendelea kupanga.

Ijumaa kamati ilikutana. Akapitisha kopo. Mwenyekiti akaweka punje sikioni, akampa katibu, katibu akampa mjumbe wa watengenezaji.

"Sauti safi kabisa," alisema mjumbe.

"Pole sana, dada," alisema mwenyekiti. "Hii imedondoka sekunde ya ngapi?"

"Kuanzia ya sitini na moja."

"Na kipimo kinaishia wapi?"

"Sitini. Lakini nilikosea mimi, mzee. Rekebisheni iwe dakika kumi, na mnipe barua moja tu ya kusema simu ile iliendelea. Kuna watoto wanaingojea."

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole. Alifunua kitabu cha njia ya kupima, akamwonyesha sahihi yake chini ya ukurasa. Nchi nzima imenunua kwa kipimo hiki, alisema. Tukiandika kwamba simu iliendelea, tumesema kipimo hakifai, na wewe ndiye mwenye kipimo. Asiyekuwepo na lake halipo, na sekunde ya sitini na moja haimo kitabuni. Hata hivyo, kwa kuwa walikuwa waungwana na mpimaji alikuwa bado amesimama, waliongeza kifungu kimoja: kila maabara iwe na ufagio na kizoleo. Kikapita bila kupingwa.

Mama yake alisikiliza kopo zima. Kisha akasema, "Hii haina muhuri, mwanangu," akaenda kuwaandalia wajukuu maji ya kuoga.

Akabaki wifi. Walikaa kitandani kwenye chumba alichopewa na dada yake, kopo katikati yao, na wifi akajisikiliza mpaka punje ya mwisho.

"Ni mimi," alisema. "Sasa ile dakika iliyofika, nilisema nini?"

Mpimaji alikuwa ameisoma kumbukumbu ya kituo, iliyokuja na ile karatasi, mara nyingi, akaijua kwa moyo. "Nusu yake mashine ilikuwa inakushukuru kwa kupiga. Halafu mpokeaji akaja. Ukamwamkia. Ukamuuliza habari za kazi. Ukamwomba radhi kwa kumsumbua."

"Alikuwa mtu mzima, wifi. Ningeanzaje hivi hivi?"

Mpimaji akafunika kopo.

Jumatatu alipima ruta tatu, zote zikafaulu, akagonga muhuri na kufagia. Wifi naye siku hizi huenda shuleni kwa watoto wakati wa mapumziko, anawafundisha wakiwa upande wa pili wa uzio. Mkipiga namba ile, anawaambia, msimwamkie yeyote, semeni mlango na ugonjwa. Yule mdogo huuliza, hata kama ni mtu mzima? Mama yake humjibu, hata kama ni mtu mzima, kisha humwambia aanze tena, upesi zaidi.