Benchi la Karibu na Mlango

Katika kanisa letu la Machochwe, kila Jumapili ya Meza ya Bwana, watoto wachanga wote wa usharika walilala mapajani mwa mwanamke mmoja aliyetengwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka minne, nami niliyemtenga nilikuwa mbele, nimevaa joho, nikimwona. Akina mama walipoitwa kuja kupiga magoti, kila mmoja alipitia kwanza nyuma, kwenye benchi la karibu na mlango, akamwachia Mama Nyangi mtoto bila neno, kama mtu anavyotua ndoo. Wawili mapajani, mmoja begani, mwingine amelazwa juu ya khanga kwenye ubao. Benchi lile lilitosha watu sita, naye alilikalia peke yake. Lilikuwa la walio chini ya nidhamu, na hakuna aliyetaka kuonekana pale. Wenzake wa zamani walikuwa wametubu wakarudi mbele, au wamehamia makanisa mengine. Yeye hakutubu wala hakuhama.

Nilijiambia kuwa ni ukaidi. Mchungaji akishazoea kuona kosa la mtu, hata subira yake huiita kiburi.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Mumewe, mzee Magige, alifariki bila kumwachia mtoto, na msiba haujapoa shemeji zake wakaanza kulipima shamba kwa hatua. Nyangi akafanya walivyofanya wanawake wa Kikurya tangu zamani: akatoa ng'ombe, akaoa. Tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke kijana, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake, wakabeba jina la marehemu mumewe. Mwanamume wa kuzaa naye hatajwi. Sisemi ni mila njema. Nimewaona wasichana walioingizwa katika nyumba za namna hiyo bila kauli, na nimewasikia wakilia. Baraza la wazee wa kanisa lilikuwa na haki ya kuuliza, na kosa letu ni kwamba hatukuuliza chochote. Tuliamua.

Jumamosi, siku moja kabla sijalisoma jina lake mbele ya watu, alikuja nyumbani kwangu. Mke wangu Sarah alikuwa amekwenda sokoni Mugumu. Nilikuwa mezani, tonge mkononi. Nikasikia hodi, nikainua macho, nikamwona amesimama kizingitini na khanga ya kanisani kichwani.

Nilimwamkia, kwa kuwa ni mkubwa kwangu na mdomo ulizoea. Lakini sikumkaribisha. Kwetu hata adui akikukuta unakula, unamwambia karibu. Asipokula ni yeye, lakini neno umelitoa. Mimi sikulitoa. Niliogopa kwamba akikaa atanieleza, na akinieleza nitamhurumia, na kesho nina jina la kusoma.

"Mchungaji, nimekuja nikuombe jambo dogo," alisema.

"Mama, baraza limeshaamua."

"Sikuja kwa hilo la baraza."

"Tutaonana kesho, mama."

Nikachovya tonge. Alisimama kidogo, muda wa kutosha mtu kuhakikisha kwamba kweli hataangaliwa tena, kisha akaondoka. Nikamaliza kula. Naona haya kuandika kwamba chakula kilishuka vizuri.

Kesho yake nilifungua daftari la nidhamu, nikasoma kwa sauti niliyojifunza chuoni: Nyangi Magige, kwa kosa la kuoa kimila, anawekwa chini ya nidhamu ya kanisa kuanzia leo, hatashiriki Meza ya Bwana wala huduma yoyote, hadi atakapotubu mbele ya usharika. Nilipoinua macho nikaona mgongo wa mtu aliyebeba mtoto akitoka mlangoni. Nikadhani ni wale wenye mazoea ya kuondoka kabla ya sadaka.

Miaka miwili baadaye Sarah alifariki. Mwanangu wa pekee alikuja kutoka Mwanza, akakaa wiki moja, akarudi kazini. Waombolezaji walikunja maturubai, wakarudisha masufuria ya watu, nikabaki na nyumba ya vyumba vitatu na saa ya ukutani. Mwezi ulipopita, Mama Nyangi alipiga hodi. Safari hii nilisema karibu, tena kwa sauti. Hakuingia. Alisimama nje, kwenye kivuli cha bati, akanipa pole, akasema Sarah alikuwa akimsalimu njiani bila kuangalia nani anaona, akaenda zake. Hilo nalo nililiita kiburi. Sikujua kwamba mtu aliyesimamishwa mlangoni mara moja hasahau kimo cha mlango ule.

Basi, Jumapili moja ya Meza mwaka huu, benchi lilikuwa tupu.

Akina mama walifika nyuma na watoto wao, wakageuka huku na huku kama wageni. Mwishowe wakaja nao mbele. Mtoto mmoja alivuta kitambaa cheupe, kikombe kikapinduka, divai ikasambaa mezani. Vijana wa kwaya walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama na mkate mkononi nikilitazama lile benchi, na ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka minne nilihubiri nikimwelekea yeye, kama anayetaka kukubaliwa na mtu mmoja tu. Upweke ulionishika ulikuwa ule ule wa jioni maturubai yalipokunjwa. Nilitaka kulia, na kwa mchungaji mwenye joho hakuna mahali pa kufanyia hivyo.

Baada ya ibada nikamwambia Simioni, mwenyekiti wa baraza, kwamba nakwenda kumwona.

"Mchungaji, ukienda kwake watasema nidhamu imelegea."

"Waseme."

"Mimi nimekuambia tu," alisema, akaendelea kukunja kitambaa chenye doa.

Kwake ni mwisho wa vijiji, ambapo mashamba yamezungushiwa kamba zenye makopo ya kuwatishia tembo wa hifadhini. Niliegesha pikipiki mbali kidogo, nikaingia kwa miguu. Mwanamke kijana, mjamzito wa kulemewa, alikuwa anaanika mtama. Msichana wa miaka mitano hivi alikuwa akimfukuzia kuku. Nikapiga hodi. Yule mwanamke akanitazama, asiitike, akaita ndani kwa Kikurya.

"Mwache aingie, Agness," sauti ikajibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Mpe kigoda."

Mama Nyangi alikuwa amekaa kwenye ngozi, mguu wa kushoto umevimba hadi gotini. Nilimwamkia. Aliitika marahaba, akauliza habari za usharika, akauliza nani aliwashika watoto. Nilipomwambia yaliyotokea akacheka mpaka akakohoa. Kisha Agness akaleta maji ya kunawa, ugali wa mtama na maziwa.

"Karibu, Mchungaji. Chakula hakisubiri mtu."

Nikanawa. Nikamega. Nikaliweka tonge kando.

"Mama," nikasema, "siku ile ulinikuta nakula."

"Naam. Dagaa. Walinukia vizuri."

"Ulikuja kuniomba nini?"

Alimtazama Agness, ambaye alikuwa ameegemea mlango na mkono kiunoni, kama wanawake wenye mimba kubwa wanavyofanya.

"Nilikuja kukuomba usisome Jumapili ile," alisema. "Usome ile inayofuata. Huyu alikuwa ndiyo anakuja kanisani mara ya kwanza, na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimemwambia twende, kule watu wanapokelewa. Sikutaka aanze na lile."

Nje kuku walipiga kelele, mtoto akawafukuza. Nilikumbuka ule mgongo mlangoni.

"Nilisikia jina la mama kabla sijakaa," Agness alisema. "Nikageuka. Tangu siku hiyo namsindikiza, namfikisha, nangoja nje."

"Na wewe, binti yangu," nikasema, na neno hilo likanigeukia kinywani, "hapa ulikuja kwa hiari yako?"

"Nilifukuzwa nyumbani na mimba ya huyu." Alionyesha nje. "Mama akaja kwa wazazi wangu na ng'ombe. Lakini kabla ya kwenda kwao aliniuliza mimi. Wewe ni wa pili kuniuliza, Mchungaji. Umechelewa miaka minne."

"Agness," Mama Nyangi alimwonya.

"Mwache," nikasema. "Amesema kweli."

Mama Nyangi aliuvuta mguu wake kwa mikono miwili, kama mzigo wa mtu mwingine. "Mimi benchi nimelizoea, sikulalamikii. Ila mguu huu haunipeleki mbali. Nikifa, shemeji zangu watarudi na hatua zao, na huyu hana ndugu wa kusimama naye. Nilitaka awe na watu. Ndiyo maana sikuhama. Niliwashika watoto wao, nikasema labda siku moja watamshikia na wake."

Nilikula ule ugali wote. Lilikuwa jambo pekee nililoweza kumfanyia siku hiyo.

Niliomba Mama Nyangi aondolewe nidhamu, na baraza likakaa mara tatu. Wazee wangu si watu wabaya. Simioni aliniuguzia mke wangu kwa zamu na mkewe, na siwezi kumsahau. Lakini alishika kanuni kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Amrudishe binti kwao, kisha atubu, kisha apokelewe. Nikauliza, kwao wapi? Kura haikubadilika. Niliwaeleza habari za dagaa. Mmoja akasema, kwa upole kabisa, kwamba hilo halimo katika kanuni. Nikarudi nyumbani, nikakaa mezani mahali pale pale, nikautazama mlango. Kila Alhamisi nilikwenda kule mwisho wa vijiji. Agness alizaa mtoto wa kiume. Wakamwita Magige.

Jumapili ya Meza iliyofuata walimleta Mama Nyangi kwa bodaboda. Agness alimshikilia kwa mkono mmoja na kichanga kwa mwingine, akamkalisha kwenye benchi, akatoka na mtoto kusimama nje chini ya bati. Nilimwona akitoka. Safari hii nilimjua.

Wakati wa matangazo nikafungua daftari la nidhamu. Simioni akanitazama kwa mshangao, kwa kuwa baraza halikuwa limemweka mtu yeyote chini ya nidhamu. Nikasoma kwa sauti ile ile ya chuoni.

"Werema Kisyeri, mchungaji wa usharika huu, kwa kosa la kumwacha mama mzee amesimama mlangoni huku yeye anakula, na kwa kumfukuza mgeni kabla hajakaa, anawekwa chini ya nidhamu ya kanisa kuanzia leo. Hatashiriki Meza ya Bwana wala huduma yoyote, hadi atakapotubu mbele ya usharika."

Simioni alinyanyuka, akanisogelea. "Hilo ni la askofu," alininong'oneza. "Si lako."

"Basi askofu atanikuta kule nyuma."

Nikavua joho, nikalikunja, nikaliweka kwenye kiti changu. Toka mimbarini hadi mlangoni ni hatua ishirini na mbili, ambazo sikuwahi kuzihesabu kabla ya siku hiyo. Nilipita katikati ya watu niliowabatiza, na wengi waliangalia miguu yao. Hofu yangu ilikuwa ya kitoto: kwamba hata yeye hatanitaka pale. Mama Nyangi aliponiona nafika, akasogea kunipisha. Benchi zima lilikuwa wazi, bado akasogea, kama mwenyeji anayempisha mgeni.

Nikaketi. Mbele kabisa mkate ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa kile chenye doa lisilotoka, na hakuna aliyejua nani aufunue. Mama mmoja alisimama na mtoto wake, akatutazama, akakaa tena. Kupitia mlango niliona ncha ya khanga ya Agness ikipeperuka.

Nikainuka, nikaenda kizingitini. Yeye alikuwa nje, mimi ndani, na kati yetu ni ule ukingo wa saruji tu.

"Karibu, Agness," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mbele. "Karibu ndani, ukae."

Alilitazama benchi, akamtazama Mama Nyangi, akanitazama mikono. Kisha akanyoosha yake, akanipa mtoto. Alikuwa mwepesi, wa moto, na nilikuwa nimesahau kabisa mtu anaanzia wapi kushika mtoto.

"Mshike shingo, Mchungaji," Mama Nyangi alisema nyuma yangu. "Ya Magige bado haijakomaa."

Nikaishika shingo. Agness akabaki pale, mguu mmoja ndani, akiangalia kama ninajua kushika.