Timazi na Msusi Wapanga Safari

Watu wa mtaani walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye uzito nchani ambayo waashi huitumia kupima kama ukuta umesimama wima. Hawakumpa jina hilo kwa heshima tu. Mzee yule hakuweza kuingia nyumba ya mtu, hata penye msiba, bila kukodolea macho kona za ukuta na kuguna. Mkewe alikuwa msusi, na yeye ulimwengu aliuanzia kwenye vichwa vya watu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za hawa wawili hazikupata kukubali kitana kimoja.

Mara ya mwisho walipokwenda mji mkuu, kwa harusi ya mpwa wao, walirudi hawasemezani. Timazi alisimama mbele ya benki moja kongwe akipapasa mawe yake hadi askari wa mlangoni akaja kumwuliza anatafuta nini ukutani. Mkewe naye aliingia saluni kuchungulia tu, akatoka jua limezama. Kila mmoja aliapa kwamba mwenzake ndiye aliyempotezea siku.

Safari hii kifungua mimba wao, aliyehamia mjini kikazi, hakutaka yale yajirudie. Jumapili mchana aliwapigia simu, na mama yake akaiweka mezani, katikati ya vikombe vya chai, ili wote wawili wasikie.

"Nimeshapata dawa yenu," alisema binti. "Mtakaa siku tatu, na kila asubuhi nawashusha katikati ya mji. Mama anaelekea mtaa wa saluni, baba anakwenda kwenye majengo yake. Jioni tunakutana kula. Hakuna wa kumnunia mwenzake."

Ilikuwa dawa nzuri, na mwaka mmoja nyuma Timazi angeipigia makofi. Sasa ilimvunja moyo. Tangu mvua zilizopita macho yake yalikuwa na ukungu usiofutika, na hakuwa amemwambia mtu. Kazini alipima kwa kiganja kile alichozoea kukipima kwa jicho, akamshukuru Mungu kwamba mikono ilikuwa bado mizima. Lakini mji si ukuta. Peke yake, kati ya magari na ngazi asizoziona sawasawa, angeumbuka kabla ya adhuhuri. Na kusema "nishike mkono" kulimshinda. Mwashi asiyeona, nani atampa kazi?

"Unasemaje, baba?"

"Mpango mzuri, mwanangu," alisema, akinyoosha mkono kuchukua kikombe. Aligusa sukari kwanza.

Mkewe alimtazama, kisha akaisogelea simu. "Huo mpango hatuutaki. Tutakwenda pamoja, kila mahali."

"Mama, mtagombana kama siku ile."

"Basi tutagombana pamoja. Subiri, usikate."

Akamgeukia mumewe, na sauti ikashuka. "Juzi nilikuwa namsuka mke wa fundi viatu hapo nje. Nikamgawa nywele, njia nikaipindisha makusudi, hata mtoto angeiona. Nikakuuliza imekaaje. Tangu unioe hujaacha kunikosoa. Ukaniambia imenyooka."

Timazi aliinamisha kichwa. "Na yule mama, ukamwacha hivyo?"

"Nilimfumua nikaanza upya. Usinibadilishie mazungumzo. Mficha maradhi unajua mwisho wake."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunisifia."

Hapo kicheko kilimtoka Timazi bila kupenda. Alikuwa amejiandaa kuona aibu siku hii ikifika, na aibu haikuja. Alijisikia kama kibarua aliyetuliwa mfuko wa saruji begani. "Nashukuru, mke wangu," alisema, na neno lenyewe akaliona dogo.

"Macho ya baba yana nini?" simu iliuliza.

"Mtafutie daktari wa macho huko, mwanangu. Iwe siku ya mwisho."

"Kwa nini isiwe ya kwanza? Mambo ya macho hayangojewi."

"Yamengoja tangu mvua, siku mbili hazitayaua. Baba yako akisikia neno la daktari kwanza, majengo yote atayatazama kama mtu anayeaga. Nataka ayaone kwa raha zake. Ya juu asiyoyafikia nitamsimulia."

"Utanisimulia nini wewe?" Timazi aliuliza. "Tao na nguzo kwako ni kitu kimoja."

"Nitasema ninavyoona. Hili lina kipara, lile limesukwa mistari. Utaelewa tu."

Timazi alizungusha kikombe chake taratibu. Alimfahamu mwanamke huyu kuwa mbishi, mcheshi, mpenda saluni kuliko chakula. Kumbe wakati wote yeye akificha, mwenzake alikuwa akimpangia njia ya kupita bila kujikwaa.

"Mwanangu," aliiambia simu, "geuza mpango. Siku ya kwanza iwe ya saluni za mama yako."

"Wewe saluni, baba? Utafanya nini huko?"

"Nitakaa kitini nimtazame. Majengo ni mawe, hata macho yakizima nitayapapasa. Lakini mama yako anavyokuwa akiwa kati ya wasusi wenzake, hilo halipapaswi. Nataka nilione ningali naona."

Mkewe alikinyanyua kiti chake, akakihamishia upande wa dirishani, akakaa mbele yake palipokuwa na mwanga.