Vichwa vya Bibi Euphrasie

Bibi Euphrasie Bralley alitaka sanamu moja tu duniani yenye uso wake, isimame bustanini kwake pale bonde la Marne, majirani wapite wakiumia kwa wivu. Mumewe, Bwana Ferjeux, mwenye kiwanda cha kusubu chuma, alimwapia kwamba sanamu ikishatoka, kalibu iliyoipa umbo itavunjwa siku hiyohiyo. Mwenye kiwanda avunje kalibu nzima! Labda mfugaji achinje kwanza ng'ombe wake wa maziwa.

Pale kiwandani sanamu husubiwa vipandevipande, kichwa mbali, kiwiliwili mbali, kisha huungwa shingoni. Asubuhi moja Euphrasie alimpelekea mumewe soseji alizosahau, akakuta vichwa vyake vimepangwa uani kama matikiti sokoni. Kimoja kilishaungwa kwenye mwili wa binti wa mtoni, kifua wazi, kinakwenda kupamba bwawa la hoteli moja huko Vichy. Kingine kilivishwa shela: Bikira Maria wa parokia yao wenyewe.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Ferjeux."

"Kifua kile si chako, mke wangu. Chako nakijua."

"Na Jumapili ikizinduliwa kanisani? Yule jirani yetu Odile akiniona pale juu, nitauweka wapi uso huu?"

"Kichwa ni kichwa tu. Kuchonga kipya ni gharama. Na hakuna atakayekutambua."

Jumapili alikwenda kainamisha uso, keshaamua kwamba wakimcheka atahamia kwa dada yake Langres. Padri akavuta kitambaa kilichofunika sanamu. Hakuna aliyecheka. Odile Petitjean, jirani aliyeacha kumsalimia kwa ugomvi wa kuku, alipiga magoti akalia kwa kwikwi.

Hofu ikamtoka Euphrasie, na kiburi kikaingia. Misa ilipokwisha alijongea mbele, akasimama chini ya sanamu, kichwa kakilaza upande vilevile, macho kayaregeza vilevile. Akangoja.

Odile alimtazama, akaitazama sanamu, akamtazama tena.

"Hebu sogea, Bibi Bralley, unaniziba. Mwenye uso wa huruma namna ile, angezaliwa hata mmoja kijijini hapa, tungekuwa watu."

"Si nilikwambia?" Ferjeux alinong'ona, amefurahi kweli.

Euphrasie alitoka nje akalia, na aibu ile ya kutambuliwa, aliyoiogopa wiki nzima, siku hiyo angeipokea kwa mikono miwili.