Aliyemfuata Ndege wa Asali

Mimi si mtu wa ndege. Nasema mapema usije ukadhani nina elimu hiyo. Mimi ni fundi wa friji mjini Embu, kwetu ni Kianjai, jina ni Mwongera, na ndege niliyemjua vizuri tangu utotoni ni kuku. Hata hivyo Januari ile, jua likiwa limekausha kila kitu mpaka mate mdomoni, nilijikuta kila Jumamosi nikipanda na kushuka mabonde na kundi la watu wenye darubini shingoni, tunanyamazishana kwa sababu ya kijidudu chenye mabawa manne kiitwacho kereng'ende.

Sababu yangu ilikuwa moja tu, na inaitwa Wambura.

Wambura anafundisha bayolojia katika shule ya upili. Friji ya maabara yao iliharibika nikaitengeneza, ikaharibika tena, nikarudi, na ilipoharibika mara nyingine tulikuwa tayari tunakunywa chai pamoja. Usinifikirie vibaya, ile friji ilikuwa kuukuu kweli. Mwaka ukapita hivyo. Nilipomwambia nataka kumwoa, hakukataa. Hakukubali vilevile. Alisema tutaona. Sasa jamani, tutaona ni jibu la aina gani? Tutaona nini, lini, na kwa macho ya nani? Nililala na neno hilo na kuamka nalo, na nikalichoka.

Kule nyumbani, baba yangu mdogo Kinoti alichoka kabla yangu. Kwetu mazungumzo ya ndoa hufunguliwa kwa asali. Wazee hawaendi kwa watu mikono mitupu, na pia hawabebi asali kwenda mahali ambapo msichana mwenyewe hajasema ndiyo, kwa sababu asali ikirudishwa ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo Kinoti alinipigia simu Ijumaa akiwa mkali kama kawaida yake. Alitaka neno moja kufikia Jumapili, ndiyo au la. Nikishindwa, nisimsumbue tena mpaka nipate msichana mwenye mdomo.

Jumamosi hiyo basi wenzangu walienda kutafuta ndege na kereng'ende. Mimi nilienda kutafuta hilo neno moja.

Tulishuka Mbeere, kando ya mto Ena. Maji yalikuwa yamepungua yakabaki vidimbwi katikati ya mawe, na joto lake, haki ya Mungu, hata mbuzi walikuwa wamelala. Kiongozi wetu alikuwa Mama Kagure, nesi mstaafu mwenye kofia pana, ambaye akinyoosha kidole wote tunaganda. Alitufundisha kuwatofautisha kereng'ende wenyewe, wanaotua wakiwa wametandaza mabawa, na wale jamaa zao wembamba wanaoyafunga wakitua. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Kila niliyemwita kereng'ende aliyafunga, na kila niliyemwita mwembamba aliyatandaza. Nikaanza kuona kama wananifanyia makusudi.

Wambura alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona mjini. Alitembea mbele, anajua kila njia ya mbuzi, anaruka mawe bila kuangalia chini. Njiani alitusimulia habari za ndege wa asali. Alisema watu wa kwao Mbeere wakimsikia akiwaita humjibu kwa mluzi na kumfuata, naye huwapeleka mpaka kwenye nyuki. Lakini lazima umwachie sega lake. Ukimdhulumu, safari ijayo atakupeleka kwa chatu. Wote tulicheka, ila yeye hakucheka. Kwao jambo hilo si la mchezo.

Baadaye nilimkuta Wambura amechutama kando ya kidimbwi akiangalia kereng'ende wawili walioshikana, dume amembana jike shingoni kwa ncha ya mkia, wanaruka pamoja na kuchovya maji. Nilimuuliza wanafanya nini, ili tu nipate mahali pa kuanzia. Akanieleza bila kuinua macho kwamba jike anataga, na dume hamwachilii mpaka amalize, asije mwingine akamchukua. Nikauliza kama jike hachoki kushikwa shingo. Akasema wengine huchoka.

Nikabaki nimesimama pale. Nimeambiwa niendelee kushika, au nimeambiwa niachilie? Sikujua. Nikaona heri niseme wazi, nikamwambia kwamba baba mdogo anataka jibu kesho. Wambura alinitazama kidogo, kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha akanivalisha darubini yake na kuniambia nimwangalie mdiria aliyetua kwenye tawi la ng'ambo. Nikaangalia. Sikuona mdiria wala jamaa yake, niliona majani. Nilipoishusha ile darubini, mwenyewe alikuwa ameshaenda mbele na wenzake.

Hasira zilinipanda. Nilikaa juu ya jiwe nikawaacha waende. Nilijiambia kwamba mwanamke akikuonyesha ndege badala ya kukujibu, hilo ni jibu. Halafu nikajiambia kwamba kama angetaka kunikataa angenikataa, maana mdomo anao, wanafunzi wake wanaujua. Nilizunguka humo humo mpaka kichwa kikauma.

Ndipo akaja ndege mmoja wa rangi ya vumbi, hana hata uzuri, akatua kwenye mgunga karibu na mimi akaanza kelele, kama mtu anayetikisa kiberiti. Akaruka mti wa pili, akanigeukia, akatikisa tena. Nilijaribu kumpigia mluzi. Akajibu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mimi, Mwongera wa Kianjai, ninaongea na ndege.

Asali! Siku ambayo ukoo wangu unangoja kujua kama upeleke asali, Mungu ananitumia ndege wa asali. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali, na mimi sikuhitaji hata kuwafuata nyuki wenyewe. Nilimwona kichwani mwangu Wambura akinipokea na sega mkononi, amekosa la kusema ila ndiyo. Nikamfuata yule ndege mti baada ya mti, nachanwa na miiba, mpaka akatua juu ya mgunga mkubwa na kunyamaza.

Chini ya mti ule palikuwa na gogo limelala kwenye nyasi, na nyuki wanaingia na kutoka kwenye ncha yake iliyopasuka. Mtu yeyote wa Mbeere angejua papo hapo anachokitazama. Lakini mizinga ninayoijua mimi ni ile ya parokia yetu, masanduku ya mbao yaliyopakwa rangi na kupangwa juu ya miguu ya chuma. Hili lilikuwa gogo. Gogo lililoanguka, lenye shimo, lenye nyuki wa Mungu. Nilichukua kijiti, nikapanua ule mpasuko bila moshi na bila akili, nikachopoa kipande cha sega. Nikakumbuka chatu. Nikakiweka juu ya jiwe, fungu la ndege kwanza, kwa heshima zote. Mchovya asali hachovyi mara moja, nikarudisha mkono kuchukua langu.

Sitasimulia sana kilichofuata. Nyuki walinijia wote, na mimi nilimlilia mama yangu kwa Kimeru mpaka mtoni, hatua chache tu chini ya ule mgunga. Nilipotoa kichwa majini jicho moja lilikuwa limefunga na mdomo wa juu haukuwa wangu tena.

Kundi lote lilikuja mbio kwa sababu ya makelele. Kutoka upande wa pili wa njia akaja mzee mrefu, begani ana kamba mpya na mti wenye kulabu. Alisimama akaliangalia lile gogo, akaliangalia sega juu ya jiwe, ambapo ndege wangu alikuwa anakula bila haya, kisha akaniangalia mimi na vidole vyangu vinavyonata. Wambura akafika nyuma ya wenzake, akaona yote hayo, akasema kwa sauti ndogo, "Baba."

Nilidhani nyuki wameniingia masikioni. Baba wa nani? Mama Kagure alininong'oneza, huku akinitoa miiba ya nyuki kwa kucha, kwamba huyu ni Mzee Munyi, kwamba boma lake liko nyuma ya kile kilima, na kwamba tulikuwa tunaelekea kwake kunywa uji, mpango wa Wambura wa tangu Jumatatu. Aliniuliza kama sikuambiwa. Sikuwa nimeambiwa. Mwaka mzima nilijua kwamba kwao ni huko chini, basi. Kila mtu katika kundi lile alijua tunaenda kwa nani isipokuwa mimi niliyekuwa na shida naye. Nilishindwa nikasirike au niombe msamaha, na mdomo wenyewe haukuwa unaweza lolote kati ya hayo.

Mzee Munyi hakupandisha sauti. Alieleza kwamba nyegere alikuja akauangusha mzinga wake, kulabu ikavunjika, naye alikuwa amekwenda kuchonga nyingine ili aurudishe juu. Aligeuza gogo kwa mguu, nyuki hata hawakumsumbua, akanionyesha alama iliyochongwa upande uliolalia nyasi. Ni alama ya babu yake. Alisema kwao mzinga unaweza kukaa porini miaka bila mlinzi, na hakuna anayeugusa. Mtu wa nje akiugusa ni mwizi: analipa mbuzi, jina lake linatajwa mbele ya watu, na haingii tena katika boma hilo kwa jambo lolote. Mtu wa nyumbani akiugusa vibaya anagombezwa, yanaisha.

Nilijaribu kumweleza habari za ndege. Alisema ndege amelipwa sawasawa, hana neno na ndege. Kisha akamgeukia binti yake, akaongea Kiswahili pole pole ili na mimi nisikie.

"Mimi simjui huyu. Wewe ndiye uliyekuja naye. Ni mtu wa nje, au ni mtu wa nyumbani?"

Mama Kagure aliacha kunitoa miiba. Wambura alikuwa amekaza macho chini. Nikaona si haki. Nimemwinda mwaka mzima anijibu, lakini si hivi, si abanwe mbele ya baba yake na watu wenye darubini kwa sababu ya upumbavu wangu. Na nikajua pia kwamba nikilipa yule mbuzi nimempoteza Wambura, maana boma hilo sitaliingia tena, na Kinoti na asali yake hawataliingia. Niliogopa sana. Hata hivyo nilisema, na maneno yakatoka yamevimba kama mdomo wenyewe.

"Mzee, nitalipa mbuzi. Usimuulize yeye."

"Sijakuuliza wewe," akasema, bila kunitazama.

Wambura aliinua kichwa. Alimtazama baba yake, hakunitazama mimi hata kidogo.

"Ni wa nyumbani," akasema.

Mzee akanigeukia. Kisha akaniambia, kwa ukali ule ule wa Kinoti, kwamba ikiwa ni hivyo mimi ni mtoto mjinga, kwamba hata mtoto wa chekechea anajua mzinga na gogo, kwamba nyuki huguswa kwa moshi, na kwamba shati jekundu si la kuvaa porini. Aligomba mpaka akamaliza. Sijawahi kugombezwa nikafurahi namna ile. Kisha akanitupia ncha moja ya kamba, akafunga nyingine kwenye mzinga, akapanda mwenyewe mtini na ile kulabu, na Wambura akaja kushika kamba nyuma yangu.

Lakini hata pale akili yangu haikutulia. Nilikuwa nimesikia neno nililolifuata, ndiyo, ila nilijua limesemwa kumwokoa mtu aliyevimba uso. Huruma si ndiyo. Kesho nitamwambia nini baba mdogo? Nilimuuliza kwa kunong'ona, nikiwa nimempa mgongo, kama alisema vile ili nisilipe mbuzi.

Kamba ilikaza. Juu mtini baba yake alikuwa anaita, anauliza mbona hatuvuti.

"Mbuzi mmoja ningekulipia mimi mwenyewe, Mwongera," akasema nyuma yangu. "Baba yangu siwezi kumdanganya kwa ajili ya mbuzi. Vuta."

Nikavuta.